Jiko la Pili

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniletea sufuria ya stima hapa mtaani Pipeline, ghorofa ya sita, akaipandisha ngazi zote kwa mikono yake. Huyu ni yule anayesomea mambo ya mitambo, na kama hujawahi kunisikia nikijisifu juu yake, basi mimi na wewe hatujakutana. Akamwaga maharagwe ndani, akatia maji, akafinya kitufe kimoja, akaketi kwenye kochi langu kama mgeni.

"Sasa je?" nikamuuliza.

"Sasa tukae, nyanya. Itajizima yenyewe."

Nikamwambia, "Sufuria isiyochungwa na mtu itapika nini? Itapika upuuzi." Kisha nikapuliza pua, hivi, fyuu.

Nikajishika mdomo hapo hapo. Maneno yale hayakuwa yangu. Hata ule mpulizo wa pua haukuwa wangu. Alikuwa ni Baba, Mungu amlaze pema, anasema kwa mdomo wangu. Maharagwe yaliiva, na yaliiva kuliko yangu, ingawa sikumwambia. Lakini mimi wakati huo sikuwa Pipeline tena. Nilikuwa mtaani Shauri Moyo, mtoto wa miaka tisa, nina siri kubwa kuliko kichwa changu.

Baba alikuwa fundi wa majiko. Pale kwetu mafundi walikaa kwa mstari kando ya barabara ya kwenda Gikomba, kila mtu na kipande chake cha chuma cha kugongea. Asubuhi kabla chai haijachemka unasikia nyundo. Mgeni angesikia kelele tu, lakini sisi tulimjua Baba kati ya mafundi thelathini: mbili nzito, moja nyepesi, halafu kimya kidogo, anatema mate. Bati lilitoka kwenye mapipa ya lami. Waliyachoma kwanza, wakayapasua, wakayalaza, na harufu ile ya lami iliingia kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye nywele zetu za kwenda kanisani.

Rula hakuwa nayo. Mwanamke akija kutaka jiko, Baba alimwambia arudi na sufuria yake kubwa na kigoda chake. Anakalishwa pale pale barabarani. Baba anaangalia magoti yake yanafika wapi, anapima sufuria kwa shubiri, anafumba jicho moja, basi. Kesho jiko liko tayari na limemkaa kama kiatu. Watu walitoka Majengo na mbali zaidi kumtafuta. Aliringa, na alikuwa na haki ya kuringa.

Lakini nikwambie ukweli ambao watu wa kukumbuka zamani hawapendi kuusema. Jiko lile lilikuwa adui. Lilikuwa bati tupu, na moto ulitoka ubavuni zaidi ya ulivyopanda juu. Lilikula makaa kama ng'ombe aliyefunguliwa shambani. Mama alikaanga mandazi ya kuuza kila alfajiri, mchana akachemsha maharagwe, jioni akasonga ugali, miguu yake ikiwa hapo hapo ubavuni mwa bati. Mbele ya miguu, kutoka goti hadi kifundo, ngozi ilikuwa imechorwa madoa ya rangi ya kahawa yaliyoshikana kama wavu wa samaki. Usiku alijikuna mpaka tukaamka. Nilidhani kila mama duniani ana miguu ya wavu, maana wale niliowajua wote walikuwa nayo.

Ndipo likaja jiko lenye kiuno.

Watu fulani walikuja na michoro wakaongea na mafundi, na fundi mmoja wa upande wa pili wa barabara akakubali kujaribu. Jiko lilikuwa pana juu, pana chini, katikati limebanwa, na ndani lina bakuli la udongo uliochomwa. Mafundi walicheka mpaka wakaweka nyundo chini. Baba alicheka kuwashinda wote.

"Huo ni mtungi umevaa sketi," alisema akirudi nyumbani. "Na bakuli lenyewe linatolewa kwa kalibu, yote saizi moja. Mimi nikate bati kufuata bakuli? Basi bakuli ndilo fundi, mimi ni wa kulibebea nyundo!" Akapuliza pua. Kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Jiko lile halivuki mlango huu. Wa nyumba hii akilitaka, afunge nguo zake aende akaishi nalo huko liliko."

Alikuwa anamwangalia Mama. Mama alikuwa anasonga ugali, akasema, "Sawa, mzee." Alisema polepole sana. Sisi watoto tulijua Mama akisema polepole hivyo, kuna kitu.

Haikupita wiki mbili, jiko lenye kiuno lilikuwa kwa Shosho. Huyu Shosho hakuwa wa damu yetu. Sisi ni watu wa magharibi, yeye alikuwa mama mzee wa kutoka Murang'a, mjane, aliyeuza mboga na kukaa nyumba za upande ule mwingine, na kila mtoto alimwita hivyo, maana yake nyanya kwa lugha ya kwao. Mama alilinunua kwa pesa yake ya mandazi, Shosho akaenda kulichukua kana kwamba ni lake, likawekwa kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya nyumba.

Nakumbuka siku ya kwanza. Maharagwe yalitokota na makaa ya kiganja kimoja tu. Mama aliweka mkono ubavuni mwa jiko, akautoa, akauweka tena. Kisha akanyoosha miguu yote miwili mbele, pale pale karibu na moto, kama mtu aliyekaa pwani.

"Kumbe," akasema.

Toka siku hiyo, Baba akienda kazini mandazi na chakula cha mchana vinapikwa kwa Shosho, na mimi nabeba chakula kwa kichwa nimekifunika leso, napitia uchochoro wa nyuma ili nisipite mbele ya mafundi. Jiko la Baba liliwashwa jioni kidogo, akute lina moto. Shida ikawa gunia la makaa. Halikuisha! Baba alikuwa na jicho la kupima kila kitu, na gunia lililokuwa linamalizika wiki mbili sasa lilisimama kama askari. Kwa hiyo kila siku tuliiba makaa yetu wenyewe, tukampelekea Shosho kopo zima. Mama mzee yule hakuwahi kuota moto mzuri hivyo maisha yake yote.

Aliyeharibu ni mimi.

Mwalimu wetu wa Sunday school alitaka nibaki kufanya mazoezi ya wimbo. Nikamwambia siwezi, nimeachiwa kazi.

"Kazi gani Jumapili?"

"Kuangalia jiko la pili. Liko kwa Shosho."

Sasa, wewe unajua na mimi najua kwamba mwanamume akioa tunasema amepata jiko. Mimi wakati ule sikuwa na habari. Kwangu jiko lilikuwa jiko.

Mwalimu akainama. "Jiko la pili? La baba yako?"

Nilikuwa nimekatazwa kwa kiboko nisimtaje Mama. Nikasema, "Ndiyo, la Baba."

"Na mama yako anajua?"

"Anajua. Anashinda huko kila siku. Analipenda kuliko la nyumbani."

"Yesu wangu! Ni jipya?"

"Jipya, mwalimu. Lina kiuno chembamba, hivi," nikamwonyesha kwa mikono.

Mwalimu aliketi kwenye benchi, akajipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Jumamosi iliyofuata, Baba amekuja kula chakula cha mchana, waliingia kina mama watatu wa kanisa, vitambaa vyeupe vichwani, Biblia kwapani. Wakaomba sala ndefu sana juu ya nyumba za Wakristo. Mama aliwapa chai. Mkubwa wao akakohoa.

"Fundi, tumesikia habari. Tumesikia umepata jiko la pili."

Baba alikuwa na tonge mkononi. "La pili? Mama zangu, wiki hii peke yake nimepata kumi na moja."

Mmoja wao alimwaga chai.

"Kumi na moja!"

"Na saba wameshachukua watu," Baba akasema kwa kiburi. "Mkitaka nawaonyesha. Yako pale nje barabarani, mnaweza kuyashika."

"Fundi, usitutanie! Tunasema lile unaloficha kwa Shosho. Lenye kiuno. Mtoto wako mwenyewe amesema."

Wote waliniangalia. Natamani ungeona uso wa Baba. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa kitu kibaya kuliko walichosema wao, maana yeye "lenye kiuno" alijua ni nini. Akamgeukia Mama taratibu.

Mama angeweza kunyamaza. Baba angeitwa mwenye wake wawili, kanisa lingemkalisha viti vya nyuma kama mwenye dhambi, na Mama asingekiri kitu mbele ya watu. Niliona anaifikiria ile njia, nakuapia. Kisha akaweka birika chini.

"Mzee hana mke mwingine," akasema. "Jiko ni langu. Nimelinunua mimi, napikia mimi, miezi minne sasa. Maharagwe hayo unayokula yametoka huko."

Baba alirudisha tonge kwenye sahani.

"Nilikwambia nini mlangoni hapa?"

"Ulisema nifunge nguo. Nitafunga. Lakini kwanza angalia." Na mbele ya kina mama wa kanisa, Mama yangu ambaye hata dukani haendi bila leso, alipandisha gauni mpaka magotini.

Wavu ulikuwa umefifia. Sehemu nyingine haukuwepo kabisa, ngozi imerudi laini, nyeusi, ya msichana. Baba aliangalia kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba kidogo, kama anavyopima bati.

"Mimi," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "mimi siku zote nilidhani ni ngozi ya kwenu."

"Kwetu hakuna mtu mwenye ngozi hiyo. Ni jiko lako."

Akasimama. Akavaa kofia yake ya kazi, akatoka bila kufunga mlango. Mama akaingia nyuma ya pazia, nikamsikia anatoa nguo kwenye sanduku. Niliingia nikamshika gauni, nalia, namwambia ni mdomo wangu. Alisema, "Nyamaza," lakini alikuwa anakunja sketi ile ile mara tatu. Kina mama wa kanisa hawakuondoka. Walikaa wakinywa chai iliyopoa, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa mwisho na mwingine.

Kisha nyundo za barabarani zikanyamaza, zote. Ukimya ule uliniogopesha kuliko kelele. Halafu ikaanza kelele nyingine, mabati yanapigwa kama ngoma ya harusi, na wanaume wanapiga vigelegele vya kuiga wanawake. Tukatoka wote mlangoni.

Baba alikuwa anakuja na jiko la Shosho kichwani. Uchochoro wa nyuma ulikuwepo, na aliujua. Alipita barabara kubwa, mbele ya mafundi wote thelathini, katikati ya mchana.

"Fundi amepata jiko!"

"Buda, mahari ilikuwa ng'ombe ngapi?"

"Kiuno hicho utakiweza wewe?"

Baba hakuharakisha hatua. Alipofika kwa wa mwisho, yule aliyepiga bati kwa nguvu zaidi, alisimama akamgeukia. "Nimeoa, ndiyo," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Na wewe leo ukifika nyumbani, mwambie mkeo akuonyeshe miguu."

Mabati yakanyamaza moja moja.

Alivuka mlango wetu, akalitua jiko, akaona nguo za Mama zimefungwa kwa leso kitandani. "Hizo unampelekea nani?" akauliza. "Zirudishe. Chakula changu kimepoa." Na yule mkubwa wa kina mama wa kanisa, akiaga, alimvuta Mama pembeni nikasikia anamnong'oneza: jiko hili, Shosho alilichukua kwa fundi yupi?

Mwezi ule ule Baba alijifunza kuyatengeneza majiko yenye kiuno, na alilalamika mpaka alipozeeka. Alisema kazi ya kufuata bakuli hata mwendawazimu anaiweza, na kwa kweli ilikuwa hivyo. Hakuna mwanamke aliyekuja tena na kigoda chake kukaa barabarani apimwe magoti. Ukienda sasa unaonyeshwa rundo, unachagua dogo au kubwa, unaenda zako. Hilo limekwisha na sidhani litarudi. Zamani nilimhurumia Baba kwa sababu hiyo. Nikikumbuka Mama alivyolala usiku bila kujikuna, huruma inaisha, nashusha pumzi.

Baba alipofariki, sisi watoto wake tulitaka kupata jiko moja la mkono wake wa zamani, lile la kupimwa kwa shubiri, tuliweke tu ndani kama ukumbusho. Tuliulizia Shauri Moyo, Majengo, mpaka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Hakuna. Yote yaliliwa na kutu na kuuzwa kwa kilo. Tukarudi kwa Mama tukiwa na huzuni, ndugu yangu karibu alie.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mzee, miguu ameinyoosha. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mnahangaika bure," akasema. "Mimi nilimpenda fundi. Jiko lake sikulipenda hata siku moja."