Bibi wa Benchi la Nyuma

Usiku ule sikuwa nimepanga kulala. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha Babu, nikimbembeleza anywe mtori hata vijiko viwili, naye amegeukia ukutani kama mtoto aliyenyimwa sukari. Tangu tumzike Bibi alikuwa hali, na kila aliponigeukia aliniuliza swali lilelile. "Niambie kweli, mke wangu. Amepokelewa?" Kwa utani wa kwetu babu humwita mjukuu wake mke, na Bibi naye, alipokuwa hai, aliniita mke mwenza. Mimi ni fundi cherehani, dini yangu ni ya Krismasi na Pasaka, ningemjibu nini? Nikamwambia amepokelewa. Akasema naongopa, na kweli nilikuwa naongopa.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Bibi alikuwa mtu wa kanisa kuliko kengele ya kanisa. Jumapili alifika kabla ya mwenye funguo, akafagia, akapanga maua, akasali kwa sauti hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Lakini Meza ya Bwana hakuwahi kuisogelea, kwa kuwa alikuwa ametengwa. Babu alimwoa kwa ng'ombe na pombe ya ndizi, kama baba zake walivyooa, na usharika wetu ulitaka ndoa ibarikiwe madhabahuni. Kila mwaka mchungaji alitangaza siku ya kubariki ndoa za wazee, na kila mwaka Babu alisema, "Nimeshaoa. Nioe tena mke yuleyule, watu wanicheke? Labda mwakani."

Bibi alikufa akiingoja hiyo mwakani. Jeneza halikuingia kanisani na kengele haikupigwa. Alikuja mzee mmoja wa kanisa, bila joho, akaomba sala fupi pale nyumbani, tukafukia. Siku ile niliwachukia wote, wenye kanisa na Babu pia.

Basi nikasinzia palepale kwenye kigoda, na nikajikuta jikoni kwa Bibi. Amechutama anamenya ndizi, amevaa gauni lake la Jumapili na kilemba cheupe. Kumwona hakukunishangaza. Nilishangaa ndizi, maana kila alipotoa ganda palikuwa na ganda jingine chini yake, na yeye anaendelea tu kumenya wala hakasiriki. Nikasema moyoni, hapa hapa nimuulize swali la Babu. Nikafungua mdomo, nikajisikia nauliza bei ya vitunguu. Bibi akacheka, akainuka, akafungua mlango wa uani. Nje hapakuwa na uani. Palikuwa na kanisa.

Kanisa limejaa. Kuku walioletwa sadaka wanatembea chini ya mabenchi, hakuna anayewafukuza. Kwaya wanaimba, nawaona vinywa vinafunguka, lakini sauti siisikii, na wote wamevaa mabuti ya shambani. Bibi tayari amekaa benchi la nyuma. Nami najua ni wakati wa Chakula cha Bwana, kwa sababu akina mama wanainuka, na kila anayeinuka anamwachia Bibi mtoto wake.

Hilo silo la ndotoni, ndivyo ilivyokuwa kweli. Kwa kuwa yeye haendi mezani, wenzake walimwachia watoto awashikie. Mmoja mapajani, mwingine begani, mwingine anamvuta kilemba, naye anawavumia wimbo taratibu huku wenzake wanakula na kunywa kile alichonyimwa yeye. Watoto wa usharika mzima walipita mikononi mwake, na mimi nikiwamo. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Mimi ningelalamika mpaka bati la kanisa ling'oke.

Watoto wanazidi. Wamejaa benchini, wamejaa sakafuni, wengine wana meno, mmoja amefunga tai. Wanawake wanaokwenda mbele hawarudi kuwachukua. Nanyoosha shingo nimwone mchungaji, naona ukungu, ule ukungu wetu wa asubuhi, umelala juu ya madhabahu. Natafuta mlango, nakuta ukuta. Nimechanganyikiwa kabisa, nataka kulia, na sijui ninalilia nini.

Bibi anasimama. Amebeba mtoto mmoja aliyefungwa kitenge.

"Mke mwenza, nishikie huyu."

Nampokea. Mzito kama gunia la mahindi. Nafunua kitenge, na aliyemo ni Babu, Babu huyu huyu na ndevu zake nyeupe, amelala, kidole kimo mdomoni.

"Bibi, lakini huyu..."

"Namjua. Usimgombeze. Nimemgombeza mwenyewe, inatosha." Ananiwekea mkono vizuri chini ya shingo ya mtoto. "Leo naenda mimi."

Anakwenda. Mikono yake mitupu inamsumbua, anaipangusa kwenye gauni, anaificha nyuma, anaitoa tena. Mbele kabisa amesimama yule mzee wa kanisa aliyemzika, kaziba njia. Nataka kupiga kelele apishe, naogopa nitamwamsha mtoto. Bibi hapunguzi mwendo. Mara mzee anainama kukamata kuku, na Bibi anapita. Ameruhusiwa, au amepenya? Sijui. Ukungu unamfunika kilemba, mabega, gauni. Mimi nimesimama nyuma na mzigo wangu, nangoja, nangoja sana.

Nikazinduka. Kumekucha. Mikono yangu imekunjika kifuani, imekufa ganzi, na Babu ananitazama.

"Umemwona," akasema.

Nikamsimulia yote kama yalivyokuwa, ndizi, mabuti, kuku, isipokuwa mtoto wa mwisho nilimwita mtoto tu. Akasikiliza bila kupepesa macho.

"Mkate ulimfika mkononi?"

Ningeweza kumwongopea tena, na nilitaka. "Sikuona, Babu. Niliamka."

"Alirudi?"

"Kurudi wapi?"

"Kwenye benchi lake. Alirudi?"

"Hakurudi. Nilimngoja na mtoto mikononi, hakurudi."

Babu akafikiri. "Aliyekataliwa hurudi," akasema polepole. "Yule asingemwacha mtoto. Wangemkataa angerudi kumchukua."

Sikuwa nimeifikiria hivyo. Mpaka leo sijui kama ndoto hufasiriwa hivyo, na mchungaji sijamwuliza wala sitamwuliza. Lakini nilimwona Babu anajiinua kwenye mto kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mtoto mwenyewe alikuwa wa nani?"

"Alikuwa wewe," nikamwambia. "Amesema nisikugombeze. Amekugombeza mwenyewe, inatosha."

Mzee yule ambaye mazikoni hakutoa chozi akavuta blanketi usoni, akalia kwa sauti hadi majirani wakaja mlangoni. Nikapanda kitandani nikamshika.