Kazi ya Msaidizi Ni Ndogo

Vitabu vya mazingaombwe vilipofika dukani, Miwani hakuvifungua mwenyewe. Alivisukuma pembeni ya meza, akaita, "Mama Kitambaa, wageni wako hawa!" Miwani ndiye aliyekuwa mwenye duka, mwanamume mwembamba aliyeuza vitabu vipya na vilivyotumika katika chumba kirefu chenye mlango mmoja na feni moja. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu alivaa miwani mbili kwa pamoja, moja machoni na nyingine kichwani, na kila mara alikuwa akitafuta ile ya kichwani.

Mama Kitambaa alikuwa mfanyakazi wake kwa miaka kumi na mitatu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, miguu yake ilivimba ikifika saa nane mchana, na hakuna jambo alilolitamani siku hizo kama kiti chenye mgongo. Lakini kwa vitabu vya mazingaombwe na vya kusoma mawazo, neno lake lilikuwa la mwisho. Akisema kinunuliwe, Miwani alinunua. Akisema hapana, mwenye kukileta alikifunga tena kwenye gazeti lake na kuondoka.

Ujuzi huo aliupata jukwaani. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti mbele ya watu, macho yamefungwa kwa kitambaa cheusi, katika kumbi za shule, mabwalo ya viwanda na sherehe za harusi. Mumewe, aliyejiita Profesa, alizunguka kati ya watazamaji akishika vitu vyao.

"Haya, hiki nini?"

"Saa ya mkononi."

"Sasa, hiki?"

"Pete."

Watu walishangilia mpaka wengine wakasimama kwenye viti. Wala hapakuwa na uchawi. Neno la kwanza la swali ndilo lililobeba jibu. "Haya" ilikuwa saa, "sasa" ilikuwa pete, "enhe" kalamu, "tafadhali" ufunguo. Yalikuwa maneno mia moja na arobaini, na mengi aliyatunga yeye mwenyewe huku akifua nguo, maana Profesa alijaliwa sauti ya kutikisa ukumbi na kumbukumbu ya kusahau hata alikoacha viatu.

Ndoa ilivunjika bila kelele. Profesa alipata msaidizi mwingine, mdogo na mwenye tabasamu. Mama Kitambaa alichukua binti yake na cherehani, akaenda zake.

Namna yake ya kupima kitabu haikuwa na mbwembwe. Jalada likiahidi "Tawala Akili za Watu kwa Siku Saba", alianza kukunja uso hapo hapo. Kisha alichagua mchezo mmoja wa katikati ya kitabu, kwa kuwa waandishi huweka mizuri mwanzoni, akausoma, akakifunga, akajaribu kuufanya kwa karata chakavu zilizokaa kwenye droo. Alitaka kujua mkono wa pili uko wapi wakati wa kwanza unafanya kazi. Alitaka kujua mdomo useme nini. Zaidi ya yote alitaka kujua mtu afanye nini mambo yakiharibika mbele ya wageni. Mwandishi akiandika "kwa mazoezi utaweza" na kuishia hapo, Mama Kitambaa alisema, "Huyu amekimbia," na kitabu kilirudi kwa mwenyewe.

Wateja nao walimchosha. Kuna aliyetaka kitabu cha kusoma mawazo ili ajue kama mkewe anamdanganya. "Kaka yangu," alimwambia, "hivi vitabu vinakufundisha kujua karata aliyoichagua mtu. Ya mkeo muulize mkeo." Miwani alilalamika kwamba anafukuza biashara. Mama Kitambaa alikuwa ameshaketi, anajipepea kwa bahasha.

Asubuhi moja Miwani alimwekea mezani kitabu kipya, chembamba, jalada jekundu. Hakuita kwa sauti kama kawaida.

"Hiki kimeletwa na mwandishi mwenyewe," alisema. "Anataka tuchukue nakala hamsini. Jina lake bado linakumbukwa, Mama. Nimemwambia uamuzi ni wako. Kama hutaki kukisoma, nitaelewa."

Kitabu kilikuwa cha Profesa. Kilieleza siri zote za mchezo wa kitambaa, na maneno yote mia moja na arobaini yamepangwa kwenye majedwali. Kwenye utangulizi aliandika kwamba aliyatunga "katika usiku mwingi wa upweke na tafakuri."

Mama Kitambaa alikisoma akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alipofika ukurasa wa themanini na mbili alisoma hivi: "Kazi ya msaidizi ni ndogo. Atafunikwa macho, atakaa, atajibu. Huzoea baada ya wiki chache."

Alikirudisha mezani taratibu.

"Vipi?" aliuliza Miwani.

"Nipe mpaka Jumatatu."

Kilichomsumbua si wizi ule. Wizi aliutarajia. Kilichomsumbua ni kwamba hakujiamini. Alijua akisema kitabu ni kibaya, Miwani atakubali, na yeye mwenyewe hatajua kama ni kitabu kilichosema au ni kidonda. Na kusema kweli, kurasa za mwanzo zilikuwa nzuri. Profesa aliandika vizuri jinsi ya kuingia ukumbini, jinsi ya kumchagua mtu asiye na ubishi, jinsi ya kushika kitu cha mtu kwa heshima. Hayo yalikuwa yake, na aliyajua.

Basi Jumapili mchana alikwenda kwa binti yake, aliyekuwa nesi na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Akawapa yeye na mumewe kitabu kile.

"Jifunzeni maneno ishirini tu," aliwaambia. "Fuateni kilichoandikwa. Mimi siongezi neno."

"Mama, si ungetuonyesha tu?" binti alisema.

"Anayenunua kitabu hanichukui mimi nyumbani kwake."

Walijifunza saa mbili nzima, wakicheka, wakipigana vikumbo kwenye kochi. Mkwe wake alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa utani, na alianza kutembea sebuleni kama waziri anayekagua gwaride. Binti alifungwa macho kwa mtandio. Vitu vitatu vya kwanza vilikwenda sawa. Cha nne mkwe alisahau neno, akasema lingine, akajirudi.

"Kalamu," alisema binti.

"Kalamu gani? Nimesema 'tafadhali'!"

"Umesema 'enhe' kwanza."

"Nilikuwa nafikiria! 'Enhe' ile ilikuwa ya kufikiria!"

"Sasa mimi nitajuaje ipi ya kufikiria na ipi ya kazi? Niko gizani huku!"

Dakika kumi baadaye hawakuwa wakicheka tena. Mkwe alisema yeye amefanya kila kitu kama kilivyoandikwa, na mwenye kukosea ni aliyekaa. Binti alivua mtandio, akautupa kwenye kochi, akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama Kitambaa alibaki ameshika kitabu mapajani. Ugomvi ule aliujua neno kwa neno. Aliwahi kuwa ndani yake katika vyumba vya nyuma ya majukwaa, huku nje watu bado wanapiga makofi.

Alimfuata binti yake jikoni.

"Pole, mwanangu. Hukukosea."

"Wewe ulifanyaje miaka yote ile, Mama?"

"Nilichoka," alijibu. "Ndivyo nilivyofanya."

Jumatatu Profesa alikuja mwenyewe kusikia jibu. Alikuwa amezeeka kwa haraka. Koti lilimpwaya, na ile sauti ya kutikisa ukumbi ilikatizwa na kikohozi kila baada ya maneno machache. Miwani alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya duka.

"Mama mtoto," Profesa alisema.

"Karibu. Kaa kwenye boksi hilo, kiti ni kimoja na ni changu."

Akakaa. "Umekisoma?"

"Nimekisoma mara mbili, na nimekijaribisha kwa watu. Hakinunuliki."

Profesa alitikisa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo kabla hajatoka nyumbani. "Una haki ya kuwa na hasira."

"Hasira zinataka nguvu, na mimi sina. Nusu ya kwanza ni nzuri, na sikudanganyi. Lakini mtu akikifuata ataaibika mbele ya wageni wake, kisha atagombana na mkewe. Umeandika kazi ya anayeuliza. Ya anayejibu hukuiandika, kwa sababu huijui."

"Siijui vipi? Tulifanya pamoja miaka kumi na tisa!"

"Fungua ukurasa wa tisini na sita. Jino la mtoto."

Hakuwa na haja ya kufungua. Ilikuwa hadithi aliyoipenda kuliko zote. Katika bwalo la shule moja, mama mmoja alimpa kitu kidogo kimefungwa kwenye karatasi, naye alipokifungua akakuta jino la mtoto. Halikuwa na neno katika maneno yao yote. Kitabuni aliandika kwamba alifikiri haraka, akatamka "polepole", na msaidizi akaelewa kuwa ni kitu kidogo cha mwilini.

"Hukusema 'polepole'," alisema Mama Kitambaa. "Ulisema 'hiki... hiki...', ukanyamaza. Ulikwama."

"Ulijuaje basi?"

"Kabla hatujaanza, safu ya mbele kulikuwa na mtoto analia. Nilimsikia mama yake akimwambia, 'Nyamaza, atalirudisha.' Na yule mtoto alivyojibu, hewa ilimtoka kwenye pengo. Nilikuwa na kitambaa machoni, siyo masikioni. Kila ukumbi nilikuwa nasikiliza hivyo tangu watu wanaingia. Nani ana mkufu unaolia, nani anabofya kalamu, nani kavaa viatu vya kazi. Nilihesabu hatua zako nijue uko safu ya nani. Ulipokosea neno nilisema 'naona giza kidogo', ukadhani ni mbwembwe za kunogesha. Nilikuwa nakupa nafasi urudie."

Profesa alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza, alifuta mdomo kwa leso, akaiangalia leso badala ya kumwangalia yeye.

"Miaka yote hii nawasimulia watu kuhusu lile neno," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unainamia watazamaji."

Miwani alichungulia, akarudi alikotoka.

"Niandikie wewe," Profesa alisema mwishowe. "Sura moja tu. Ya msaidizi. Niweke jina lako."

Mama Kitambaa alitaka kukataa. Alikuwa na kila sababu, na nyumbani kulikuwa na nguo za kunyoosha. Lakini akilini alimwona mkwe wake sebuleni, na mtandio kwenye kochi, na watu wengine asiowajua watakaonunua kitabu hicho kwingine.

"Siandiki," alisema. "Nitasema, uandike wewe. Alhamisi, saa ya mapumziko, hapa hapa. Na utafunikwa macho kwanza, nikuulize mimi, ndipo uandike."

Alikuja Alhamisi nne. Alikaa kwenye boksi akiwa amefungwa leso usoni, na Mama Kitambaa akitembea kati ya rafu na vitu vya wateja mkononi, akimuuliza. Alhamisi ya kwanza alikosa karibu kila kitu, akasingizia feni. Ya pili hakusingizia. Ya tatu alitambua funguo za Miwani kwa mlio kabla hajaulizwa, akacheka kama mtoto, kisha, leso bado usoni, akasema, "Na ulikuwa unafanya hivi huku una mimba." Mama Kitambaa alimwambia aandike.

Alhamisi ya tano hakuja. Dada yake alipiga simu dukani: kifua kimezidi, amemchukua akae kwake, mbali. Daftari alilokuwa akiandikia lilibaki kwenye droo pamoja na karata chakavu, kurasa kumi na moja, na ya mwisho imeishia katikati ya sentensi.

Lilikaa humo wiki tatu. Kisha Mama Kitambaa alianza kulibeba mkobani, akaandika kidogo kidogo baada ya chakula cha mchana, miguu imewekwa juu ya vitabu vya sheria ambavyo havikupata mnunuzi. Hakupenda kuandika. Mkono ulimuuma na sentensi zilimtoka fupi. Alipomaliza alimpa binti yake apige chapa. Wakati huu binti na mumewe walijaribu vitu kumi na vitano na kukosa viwili, na hata pale walipokosa hawakugombana, kwa sababu ilikuwa imeandikwa cha kufanya.

Sura ilichapwa pamoja na ile nusu nzuri ya Profesa, majina mawili kwenye jalada. Miwani alishika nakala ya kwanza, akabadilisha miwani, akauliza kama alivyouliza kwa vitabu vyote.

"Tununue ngapi?"

Mama Kitambaa aliifungua katikati, akasoma ukurasa mmoja, akarudia.

"Kumi," alisema. "Ni kizuri. Lakini kinataka watu wawili wanaosikilizana, na hao hawaji wengi."

Nakala moja aliituma kwa yule dada. Baada ya siku chache Profesa alipiga simu. Sauti ilikuwa imebaki uzi.

"Ile sura yako nimeisoma mara tatu," alisema.

"Na?"

"Inachosha."

"Ndiyo," alisema Mama Kitambaa. "Umeisoma vizuri."

Akamwambia anywe dawa zake kwa wakati, akamsalimia wifi yake, akakata simu. Mteja alikuwa amesimama mlangoni, anaulizia kamusi.