Telefone ya Muzee Ilikuwa Inakula Wifi Yote

Kosa ilikuwa ya minye, mimi mwenyewe. Naisema mbele, kusudi muntu asiseme najitetea.

Wifi ya kanisa yetu hapa Likasi inatoka mu kaordinateri kazee, kakompyuta ka Linux. Minye njo nilikatengeneza kiisha kumaliza sekondere. Siku tulikawasha, muzee moja wa kanisa aliniomba nimupatie nafasi kupita bengine. Kwetu nyama ya kwanza inaendaka kwa mukubwa, kwa hiyo niliona ni heshima tu. Linux inakubali kuongezea telefone moja uzito, ipate wakati mingi mu hewa, ni kusema mu mawimbi ya wifi. Nikamuwekea uzito mara kumi.

Kutoka pale wifi ikakufa. Bakubwa bakasema ni batoto ya korali, banaangalia video. Bakabakataza kuingia na telefone asubui. Na minye nikaitika.

Kisha yaya yangu, dada mukubwa, akaitwa na masomo moja, shule ya bauguzi kule Lubumbashi. Batamuuliza maulizo kwa video, siku ya tatu ya juma, saa ine ya asubui. Asipooneka, nafasi yake inaenda kwa mwengine. Ku nyumba hatuna koneksyo. Ile siku, saa tatu tukaingia mu kanisa, ruhusa hatukuomba.

Tukajaribu video na rafiki yake moja wa Lubumbashi. Sura ya ule rafiki ikakwama mudomo wazi, sawa samaki ya soko. Tukacheka. Ikakwama tena, hatukucheka.

Nikafungua ordinateri, nikaandika ile komande inaonyeshaka kila telefone imekamata hewa kwa wakati ya kiasi gani. Zilikuwa tatu, na ya korali hata moja haikukuwako. Moja ilikuwa imekamata karibu yote, na mwendo yake ilikuwa ya konokono. Ya muzee. Alikuwa mu depo, chumba ya kuwekea vitu, nyuma ya ukuta ya majiwe ya chokaa ya Kakontwe, nene sawa ya gereza, wifi inapita kwa shida, na katelefone kake ka zamani, anaangalia mahubiri.

Hewa ni sawa robinet ya avenue, ile bomba ya maji ya bote: moja anachota, bengine banangoja. Ukisema kila muntu bidon moja, mwenye bidon ya mudomo mudogo atakalia robinet mpaka jua inakuwa kali. Haki ni kila muntu dakika yake. Na minye, ule wa mudomo mudogo njo nilimupatia dakika kumi.

Nikarudisha bote uzito moja. Haikukawia, muzee akatoka mu depo, telefone mu mukono, akauliza nani amekata neno ya Mungu. Nikamuambia haikukatwa, inangoja tu sawa ya bengine. Akauliza kama ku meza ya mama yangu tunakulaka mbele bakubwa hawajakula.

"Ku meza hapana, papa," nikajibu. "Lakini hewa haina mukubwa."

"Weye mutoto wa juzi. Utarudisha vile ilikuwa."

"Sirudishe."

Saa ine ilikuwa imefika. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwalimu mwanamuke wa ile masomo mu video, safi kabisa, anauliza yaya sababu gani anataka kutunza bagonjwa. Muzee naye akaisikia. Akashusha sauti, lakini akaniambia nichague: niombe masamaha siku ya Mungu mbele ya bote, ao nitoe fungulo ya biro, ile ofisi ya ordinateri.

Nikamuwekea fungulo mu mukono.

Yaya alipita. Alishaenda, na blanketi yangu alibeba. Minye nakaa ku benchi ya nyuma. Baliita fundi moja arudishe uzito ya muzee. Akaangalia ile Linux, akauliza Windows iko wapi, akakunywa chai, akaenda. Mpaka leo hewa iko sawa kwa bote, na korali banaingia na telefone.

Kwa korali nilienda kuomba masamaha, moja moja, juu na minye nilibasingizia. Kwa muzee siende.