Mbeya ya Uani Kwetu

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu: siku niliyohamia Mbeya. Nilitoka mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Kibaha na sanduku la bati kichwani, nikaizunguka nyumba, nikapita chini ya kamba ya kuanikia nguo, nikafika. Safari nzima ilikuwa hatua arobaini na mbili. Nilizihesabu, kwa sababu tangu utotoni mimi ni mtu wa kuhesabu na kuandika.

Najua unasoma haya kwenye simu hiyo hiyo iliyokuletea habari. Umechaguliwa vyuo viwili na unatakiwa uthibitishe kimoja. Kimoja kiko hapo hapo ulipo, unaweza kulala kwenu na kwenda kila siku. Kingine kiko mahali ambapo hujawahi kufika, na jina lake tu linakufanya moyo udunde. Nakuonea wivu, mwanangu. Keti kwanza nikusimulie yangu, halafu ndiyo ubonyeze.

Enzi zangu zilikuja barua mbili ndani ya wiki moja. Nilikuwa nimeomba kusomea kazi ya maabara, ile ya kupima damu na makohozi na kujua mgonjwa ana nini. Chuo cha kwanza kilikuwa Kibaha, nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Cha pili kilikuwa Mbeya. Fomu ilitakiwa irudishwe posta kabla ya mwisho wa mwezi, na ukishajaza ya huku, ya kule umeiaga.

Mimi nilitaka Mbeya. Nimekulia kando ya barabara ya Morogoro. Kila asubuhi nikifagia, mabasi ya bara yalinipita. Yalipokaribia mizani yalipunguza mwendo, nikawaona abiria madirishani, wengine na usingizi, wengine na chapati mkononi, wakitutazama sisi wa Kibaha kama watu wanavyotazama miti. Mabasi yale niliyajua kwa rangi na kwa honi. Nilimaliza shule bila kupanda hata moja. Nilitaka na mimi siku moja niwe dirishani.

Baba alikuwa karani ofisi ya mkoa, mtu wa maneno machache, na alitaka nisome hapa. "Chuo kipo mlangoni," alisema, "huko unakwenda kutafuta nini?" Mama hakusema anataka nini. Alisema tu, "Tumwite Bibi."

Bibi, mama yake mama, aliishi Mzenga, upande wa Kisarawe, akilima mihogo yake na mpunga kidogo. Alifika na kapu la mihogo, na kabla hajaketi nikamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nasikia unakimbia ndoa, unaniachia mume peke yangu?"

Huo ndio utani wetu. Baba alicheka kuliko sote. Alidhani amepata mtu wa upande wake.

Baada ya chakula Bibi akanigeukia. "Mbeya umewahi kufika?"

"Hapana, Bibi."

Akamgeukia baba. "Na wewe, umewahi kumwona huyu akisoma chuo huku analala nyumbani?"

"Hapana, mama."

"Basi mnagombania kitu ambacho hakuna anayekijua. Ajaribu. Siku saba akae mbali, siku saba akae karibu, ndipo mzungumze."

"Mbali wapi, mama?" baba akauliza.

"Hapo uani. Kile chumba cha magunia ndiyo Mbeya."

Tulicheka hadi mama akashika mbavu. Lakini Bibi hakuwa anatania. Alisema atakaa kwetu hadi mwisho, akatoa masharti. Nichukue vitu vinavyoingia katika sanduku moja, jiko la mkaa, mchele, unga, maharage, dagaa na chumvi kidogo. Mtu wa nyumbani asiniongeleshe wala asinitazame, kwa sababu mtu aliyeko Mbeya haonekani kutoka Kibaha. Nikiwa na shida, niandike barua. Na kila siku nisome kile kitabu kinene cha maabara alichoniazima mwalimu wangu wa baiolojia, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane, kama niko darasani.

Mwanangu, nilihama kama anayekwenda kweli. Nilikuwa na furaha ya kurukaruka. Jirani yetu Mama Anna, ambaye kwao ni Mbeya hasa, alinichungulia juu ya ua wa makuti akasema, "Umefika, mwanangu? Karibu sana. Baridi unaionaje?" Jasho lilikuwa linanitiririka.

Siku ya pili chumvi ikaisha. Nikaandika barua: Wapendwa wazazi, huku hatujambo, naomba chumvi. Nikaiweka juu ya ngazi ya mlango wa nyuma. Bibi akaiokota, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Saa ikapita, siku ikapita. Nikapika maharage yasiyo na ladha. Kumbe barua ilikuwa njiani! Aliifungua siku ya tatu, akampa mdogo wangu Mwanahawa aisome kwa sauti sebuleni, na jibu nalo likasafiri siku mbili. Wakati chumvi inafika, mimi nilikuwa nimekwisha kuomba kwa Mama Anna. Bibi hakunilaumu. Majirani hata Mbeya wapo.

Wengine walinipita kama nguzo. Mama alianika nguo mbele ya dirisha langu, akiimba, akitazama pembeni. Nililia siku ya nne, nakiri. Siku ya tano nikaamka mzima, nikasoma sura mbili, nikajipikia, nikafua, nikajiona mtu.

Siku ya sita wakaja wageni kutoka Kisarawe, binamu yangu analeta mchumba nyumbani. Pilau ikapikwa mita chache kutoka pua yangu. Nilivumilia hadi sahani zilipoanza kugongana. Nikatoka taratibu, nikapita kando ya ukuta, nikaketi mkekani kwenye kundi la wasichana kana kwamba nilikuwepo tangu asubuhi. Mkono wangu haujafika kwenye sinia, nikamsikia Bibi:

"Aaa, mgeni wetu! Karibu. Umeingia na basi gani?"

Watu wakanigeukia wote.

"Nauli kakupa nani? Au huko Mbeya wanafunzi wanaruhusiwa kuja kula pilau Kibaha na kurudi darasani?"

Hata yule mchumba, aliyekuja na aibu zake, aliangua kicheko. Nilirudi uani nikala ugali na dagaa. Siku ya saba niliimaliza kichwa juu.

Ikaja wiki ya karibu. Masharti yalikuwa yale yale ya kusoma, ila sasa nalala kitandani kwangu na kula mezani kwetu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ninalotaka ulijue.

Nilikuwa na daftari. Wiki ya mbali nilikuwa nimeandika kila siku nilichosoma: sura saba kwa jumla. Wiki ya karibu nikasoma sura moja na nusu. Pembeni nikaandika kwa nini. Jumatatu, nimetumwa sokoni. Jumanne, wageni, nimepika chai. Jumatano, mama kanituma maji. Alhamisi, nimetumwa dukani mara tatu. Mwandiko safi, mistari imenyooka. Mwisho nikapiga mstari na kuandika: Nyumbani hakusomeki.

Jioni ya siku ya saba tuliketi sebuleni, baba, mama, Bibi, Mwanahawa na mimi. Nikasimama nikasoma daftari langu kama wakili. Baba aliinamisha kichwa, nikajua nimeshinda. Bibi, ambaye hakuwahi kuingia darasani, akasema, "Umeandika vizuri. Hebu nirudie Jumatano."

"Jumatano. Mama kanituma maji."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa nne."

"Mama yako Jumatano tuliondoka naye alfajiri kwenda Kisarawe kumtazama shangazi yako na mtoto mchanga. Tulirudi magharibi. Alikutumaje? Kwa barua?"

Nikafungua daftari tena, nikalifunga. Mwanahawa ndiye aliyelipuka. "Bibi, huyu hajatumwa hata siku moja! Mama alitukataza. Alisema dada asiguswe, anasoma. Maji nimechota mimi wiki nzima, kichwa kinaniuma! Sokoni alinifuata mwenyewe. Na Jumatano alikuwa barabarani anatazama mabasi!"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika ncha ya khanga yake, anaikunja na kuikunjua. Ndipo nikaelewa. Mama alitaka nibaki, alitaka sana, na hakusema neno. Alichoweza kufanya ni kuipa nyumba yake nafasi ya kupendwa. Alifanya kazi zangu wiki nzima, yeye na Mwanahawa, ili nione kwamba kwetu kunasomeka. Mimi nikaandika kwamba hakusomeki, tena kwa jina lake.

Ukweli, mwanangu, ni kwamba kitabu kilifika sura ya damu, na sura ile ilikuwa ngumu. Kila nilipokwama niliinuka kutafuta pa kwenda. Kule uani hapakuwa na pa kwenda.

Bibi hakupaza sauti. Alinivuta nikaketi karibu yake. "Mke mwenzangu," alisema, "unataka kwenda Mbeya?"

"Nataka, Bibi."

"Kwa nini hukusema hivyo tu? Kutaka ni sababu. Mtu anaondoka kwao na kwao kuzuri, anakwenda kwa sababu anataka kuona. Lakini ukiondoka kwa kusema nyumba ilikufukuza, siku ukitaka kurudi utapitia mlango gani?"

Nilikwenda kupiga magoti mbele ya mama nikamwomba radhi. Akaniambia, "Inuka, unachafua gauni." Akanifuta vumbi magotini.

Fomu ilikuwa imebakiza siku nne. Nikaomba tatu. Nilisema nataka kuirudia wiki ya karibu, hata kipande chake, na safari hii bila uongo. Nikaketi mezani na sura ya damu. Maji nilichota mwenyewe alfajiri, Mwanahawa akiwa amelala kama malkia. Watu waliponiita niliitika, nikasema, "Nikimaliza ukurasa huu nakuja," na hakuna aliyekasirika! Siku ya tatu sura ya damu ilikuwa imeisha, na mbili nyingine juu yake.

Jioni ile sikusoma daftari. Nilisimama nikasema, "Baba, hapa nyumbani naweza kusoma, nimejaribu. Na mbali naweza kukaa, nimejaribu. Sina ubaya wa kusema juu ya huku. Naomba niende Mbeya kwa sababu nataka kwenda."

Baba aliikunjua fomu, akaisoma hadi chini. Halafu akauliza, "Kuna baridi huko?"

"Wanasema ipo, baba."

"Mama yake, mtafutie sweta."

Niliruka, mwanangu! Niliruka hadi nikagonga meza. Mama Anna akasikia kelele akaja, na kesho yake akaleta sweta lake mwenyewe, zito, linanuka dawa ya kufukuza wadudu, akasema safari hii nitalihitaji.

Siku ya kuondoka nilipandia stendi, dirishani kama nilivyotaka, na familia yangu nikaiacha imesimama kando ya barabara. Dereva alipowasha gari nikatoa mkono nje nikapunga kwa nguvu zote. Hakuna aliyenijibu. Bibi alikuwa anatazama juu kama anayetafuta mvua. Baba, mtu mzima, karani wa mkoa, anasoma bango la duka. Mama na Mwanahawa wametazamana wao kwa wao. Mtu wa Mbeya haonekani kutoka Kibaha! Nikaita, nikaita, na basi linaanza kuondoka, ndipo wote wanne wakageuka kwa pamoja, wakacheka, wakapunga, na mama akakimbia pembeni ya gari hadi mwisho wa stendi. Nilicheka na kulia hadi Chalinze.

Nilisoma, nikarudi, nikapima damu za watu wa Kibaha na Kisarawe hadi nilipostaafu, na mlango wa nyumba yetu ulinifungukia kila likizo. Mwanahawa yeye, zamu yake ilipofika, alichagua chuo cha hapa hapa, akaenda kwa miguu kila siku, akafaulu kunizidi. Mpaka leo ananikumbusha yale maji.

Kwa hiyo, mwanangu, ninalokuusia ni hili. Kabla hujabonyeza, jaribu. Siku chache tu: jipikie, jifulie, zima simu, uone upweke unavyokukaa. Halafu siku nyingine keti kwenu na kitabu kigumu uone kama unainuka kwa kutumwa au kwa kukimbia. Ukishajua unaweza yote mawili, sikiliza unachotaka, na ukiseme kwa wazazi wako kwa jina lake. Ukichagua mbali, usiwaseme vibaya wa nyumbani ili upate ruhusa. Ukichagua karibu, usiusingizie ugeni kwamba ungekuua. Na umtazame vizuri yule ambaye hajasema lolote. Huenda ndiye anayekuchotea maji.

Mungu akupe kitabu kinachokubali kufunguka, jirani mwenye chumvi, na mlango wa kurudia usio na kinyongo. Na kama utapita Kibaha na basi la asubuhi, kaa dirishani. Nitakuwa kando ya barabara, natazama pembeni.