Mbuzi wa Kitabuni

Siku moja naikumbuka bado, mwanangu, ingawa ni ya miaka ya tisini na mengi ya wakati huo yamenitoka kichwani. Nilikuwa darasa la pili. Baba, Mkisii aliyekuja huku kuchuma chai, alikuwa ametuhamishia kambi ya wachuma chai ya Boito, katika nchi ya Wakipsigis, na darasani ni mimi peke yangu nisiyejua Kipsigis. Madarasa ya chini yalifundishwa kwa lugha hiyo. Wenzangu wakicheka, nilidhani wananicheka mimi. Na mara nyingine, kusema kweli, walikuwa wananicheka.

Mwalimu alikuwa na kitabu cha picha, cha mbuzi mdogo. Alikisoma, watoto wakafurahi, mimi nikaona kurasa tu zikifunguliwa. Mvulana mmoja akaniuliza kitu kuhusu yule mbuzi, nikatikisa kichwa tu bila kumwelewa, darasa zima likaangua kicheko. Kengele ya mapumziko ilipolia nikatoka, nikajificha katikati ya michai nyuma ya shule. Baba alikuwa ameshasema: nikikataa shule tena, atanirudisha Kisii kwa nyanya, na mama abaki huku. Nililijua hilo, lakini miguu haikutaka kurudi.

Aliyenikuta ni jirani yetu, Kogo Tabutany. Kogo ndiyo nyanya kwa Kipsigis. Alikuwa akichuma chai yake, kikapu mgongoni.

“Kwani majani yangu yamekukosea nini, unayalilia hivyo?”

“Hawanipendi, Kogo. Mimi si kama wao.”

Hakunibembeleza. “Wamekujua saa ngapi? Tangu mje hapa sijakusikia hata ukisalimia mtu. Mgeni akisimama nje bila kupiga hodi, mwenye nyumba atamfungulia vipi? Pangusa makamasi, urudi.”

Nilikasirika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na yeye hakuwa amekaa kwenye dawati langu. Lakini nilirudi.

Mwalimu akakiinua kile kitabu, akauliza kwa Kiswahili pia nani atakisimulia. Nikainua mkono kabla sijafikiri. Nikasimulia kwa Kiswahili changu cha kambini, nikifuata picha: mbuzi amempoteza mama yake, mvua inanyesha, na kila anayemuuliza njia haelewi anachosema. Wakacheka. Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa ya mbuzi aliyeiba maharagwe akakimbia.

Ndipo Chebet, msichana wa dawati la mbele, akasema, “Ngojeni kwanza. Angalieni macho yake. Huyu si analia kweli?”

Wakasogea kuangalia.

“Halafu akaenda wapi?” Chebet akaniuliza.

Nikabuni, wakanisikiliza mpaka mwisho.

Sikurudishwa Kisii. Chebet alinifundisha kusema chego, nami nikamfundisha amabere. Yote ni maziwa. Wengine waliendelea kuniita mtoto wa kambi mpaka tukamaliza shule. Nililizoea jina hilo.

Mwanangu, wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Hawakusema nani aanze kutembea. Ukijiona tofauti shuleni, usikae ukingoja wenzako wakutambue wenyewe. Sema unachokiona, hata kwa lugha ya kuokoteza. Wa kucheka watacheka, na mmoja atasikia. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenyeji, mpe mgeni nafasi kwenye dawati bila kuambiwa na mwalimu.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa na moyo usiobagua. Popote utakapopelekwa na maisha, usikose mtu wa kukuita kwa jina lako.