Ajibu Akiwa Amesimama

Uvumilivu uliniisha pale mgombea alipompigia mama yangu magoti. Ulikuwa mdahalo wa wagombea udiwani hapa Kiseke, na nilikuwa nimemuuliza zahanati yetu itapata lini mkunga.

"Shikamoo, mama," akasema, suruali vumbini.

Mama akayeyuka. "Marahaba, baba. Kura yangu umeipata."

Nikasimama, mtoto mgongoni. "Inuka ujibu."

"We binti, usiniaibishe," mama akanong'ona.

Niliwahi kuyaona hayo nikiwa mdogo, kijijini kwetu Ukerewe. Mchana ule uwanja wa shule ulinuka dagaa walioanikwa, na kipaza sauti kilikoroma. Mgombea mmoja, mwalimu, alizungumzia mkunga huku jasho likimtiririka na maneno yakimkwama. Nilidhani anadanganya, maana mimi nikidanganya nilikuwa natoka jasho. Sasa najua aliogopa tu kile kipaza sauti. Mwenzake hakuahidi kitu. Aliwapigia magoti bibi zetu mmoja mmoja, akawachekesha.

"Huyu amelelewa," bibi akasema, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Akashinda. Mkunga hakuja. Mama mdogo aliposhikwa na uchungu, alifia njiani akipelekwa hospitali ya Nansio. Mheshimiwa alikuja msibani, akapiga magoti tena, na bibi akamwitikia marahaba.

Siku iliyofuata mdahalo wa Kiseke, nilipeleka malalamiko kwa mtendaji wa kata. Niliandika: "Mgombea aliulizwa kuhusu mkunga, akapiga magoti. Naomba aitwe mbele ya wananchi, aulizwe tena, na ajibu akiwa amesimama."