Orodha ya Éliézer

Éliézer Kyungu alikuwa karani kwenye machimbo ya mawe nje ya Kamina, Mmethodisti, mtu wa mwandiko mzuri. Mwaka wa 1953 wenzake walimchagua kuwa mwandishi wa chama chao cha wafanyakazi. Chama kilikuwa bado kichanga. Kilikutana Jumamosi mchana katika darasa la shule, na kila mara Mzungu mmoja wa serikali alikaa nyuma akisikiliza.

Machimboni walikuwamo watu kama arobaini waliovuka mpaka kutoka Angola wakikimbia shokoa, kazi ya kulazimishwa ya Wareno. Hawakuwa na karatasi. Kapita, msimamizi wa kazi, aliwaweka penye baruti, na aliyeumia alifukuzwa siku hiyohiyo. Mmoja wao, Saluseke, alikuwa amemwoa Ndaya, jirani yake Éliézer. Jiwe lilipomponda vidole vitatu, alivifunga kitambaa akarudi kazini, maana kwenda hospitali kungekuwa kujitangaza.

Éliézer alilipeleka jambo hilo mkutanoni.

"Bale bageni banakamata kazi yetu!" akapaza sauti Constant, fundi wa mashine.

"Banakamata ile kazi weye unakataa," Éliézer akamjibu. "Leo banaumizwa bo. Kesho ni siye."

Walibishana mpaka jasho likawatoka, kisha wakapiga kura: wageni waingie chamani, na chama kiwaombee karatasi. Mzungu wa nyuma akasimama kwa mara ya kwanza. Akasema ombi ni zuri. Administrateri, mkuu wa serikali wa eneo lile, atahitaji tu majina yao na mahali wanapolala.

Éliézer alizunguka siku tatu akiandika majina. Nyumbani kwa Saluseke, Ndaya, aliyemwita yaya kama kaka mkubwa, alimzuia mlangoni.

"Yaya, weye unaamini bale bantu?"

"Ni sheria, Ndaya. Bakijua beko bangapi, batabapa karatasi."

"Andika, yaya," Saluseke akasema kutoka ndani. "Nilishachoka kujificha."

Wiki ya tatu baada ya orodha kupelekwa, malori manne ya askari yalifika machimboni. Hawakumuuliza mtu swali. Walisoma jina baada ya jina, na kila mmoja aliyeitikia alipandishwa lori, Saluseke akiwa wa saba.

Éliézer alikimbia mpaka kwa administrateri.

"Bwana, tuliomba wapewe karatasi!"

"Hatuwezi kuwapa karatasi watu wasioruhusiwa kuwa hapa," administrateri akasema bila hasira. "Lakini umetusaidia sana. Orodha yako ilikuwa safi."

Jumamosi ile Éliézer aliwaomba wenzake wagome. Constant alitazama sakafu. Hakuna aliyeinua mkono. Nafasi penye baruti zilikuwa zimeshaahidiwa watu wa mji wa Kabondo-Dianda.

Ndaya aliuza vyungu vyake akaenda kumtafuta mumewe upande wa mpaka. Éliézer alimkuta stesheni, akataka kumbebea mzigo.

"Acha," Ndaya akamwambia. "Ile ulifanya inatosha."

Éliézer alijiuzulu uandishi wa chama. Ukarani aliendelea nao miaka mingi, kwa sababu alikuwa na watoto. Habari za Ndaya na Saluseke hakuzipata tena.